Bunge la Manitoba: nenda mvua ikikatika
Ukifika Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba nchini Kanada, usiishie kupiga picha sanamu iliyopakwa dhahabu iliyo juu ya Bunge la jimbo. Mvua ikikatika tu, zunguka jengo upande wa bustani ukitazama kuta kwa karibu. Jengo hili la 1920 ni la jiwe la chokaa la Tyndall, limejaa visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) vya bahari ya kale: konokono, matumbawe. Jiwe likikauka hupauka, huwezi kuviona vizuri; likilowa, mabaka hukolea rangi na konokono hujichora wazi. Jua likitoka, wahi. Wakati wa barafu mbinu hii haifai. Ingia ndani, kuta ni za jiwe hilohilo, kando ya sanamu mbili za shaba za baisani (nyati wa Amerika Kaskazini) ngazini. Maji ya chupa usimwage ukutani, tafadhali.