Somo: Kumfundisha Mtoto Mdogo Kuishi na Paka kwa Upole

Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka minne alimvuta mkia paka wetu aliyekuwa amelala mkekani, akakwaruzwa mkono, nami kwa hasira nikampiga yule paka kwa ndara mbele ya mtoto. Siku chache baadaye nilimkuta binti akimchapa paka kwa ndara ile ile kwa sababu alikataa kubebwa. Tangu hapo nimeamini kwamba hatuna haja ya kumhimiza mtoto ampende paka, kwa kuwa upendo anao tayari, na mara nyingi ni upendo huo unaomfanya ambane mnyama hadi ashindwe kupumua. Anachohitaji kufundishwa ni kutambua pale paka anapokataa, na kukubali kukataliwa.

Somo hili linawahusu wazazi wenye watoto wa miaka 3 hadi 6.

Hatua ya kwanza: Mtayarishe paka na nyumba

Usimchukue mtoto wa paka kabla hajatimiza wiki 8 kwa mama yake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo na, akifikisha miezi 3, chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao licha ya jina lake huwapata paka pia. Kisha mtengee mahali pa kukimbilia, kama vile juu ya kabati au ndani ya boksi lililolazwa ubavu, na uweke sharti moja lisilovunjwa na yeyote nyumbani: paka akiwa pale, haguswi.

Hatua ya pili: Mfundishe mtoto kusoma mwili wa paka

Hii ndiyo hatua ninayowaomba wazazi msiiharakishe. Keti na mtoto kando ya paka, bila kumgusa, dakika chache kila siku, mkitazama na kuulizana: masikio yamesimama au yamelala nyuma? Mkia umetulia au unapigapiga chini? Watoto waliozoea mbwa hudhani kwamba mkia unaotikiswa ni furaha, kumbe kwa paka mkia unaopigapiga huwa ni dalili ya kukereka, na ngozi ya mgongo ikianza kucheza au paka akigeuza kichwa ghafla kuutazama mkono, hatua inayofuata ni kucha. Paka aliyeridhika hulegeza mwili, hufumba na kufumbua macho polepole, na huja mwenyewe kujisugua mguuni. Ule mngurumo wa kooni nao kwa kawaida ni wa raha, ingawa paka mgonjwa au mwenye maumivu huweza kuutoa pia, kwa hiyo mtoto atazame mwili mzima.

Hatua ya tatu: Kumgusa

Mtoto aketi chini, anyooshe mkono polepole, amwache paka aunuse. Paka akisogea, mtoto ampapase kwa vidole viwili shavuni au chini ya kidevu, ahesabu hadi tatu, kisha auondoe mkono na kusubiri. Paka akirudi kuutafuta mkono, mtoto aendelee, akiondoka, asifuatwe. Tumbo, mkia na nyayo visiguswe. Kumbeba kusubiri mpaka mtoto awe mkubwa kiasi cha kuweza kumshika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya miguu ya nyuma.

Hatua ya nne: Kazi za kila siku

Mtoto wa miaka minne anaweza kumwaga maji ya jana na kuweka mapya, na kupeleka sahani ya chakula kisha akarudi nyuma ili paka ale kwa amani. Dagaa waoshwe ili chumvi itoke. Mifupa ya kuku aliyepikwa isitolewe, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiyaona kuwa ndiyo chakula cha paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Hata hivyo dhamana ibaki kwa mtu mzima: paka asishinde njaa ati kwa sababu mtoto alisahau.

Choo cha mchanga kisafishwe na mtu mzima kila siku, na mama mjamzito asikishughulikie, kwa sababu kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Maswali ya wazazi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka mitatu humpiga paka akicheka. Nimchape ili ajue kuwa inauma?

Jibu: Marahaba. Tafadhali usimchape, kwa maana utakuwa umemthibitishia kwamba mwenye nguvu humpiga mnyonge. Ushike mkono wake, mwambie kwa utulivu, "Paka ameumia, tazama amejificha," kisha watenganishe. Baadaye mwelekeze mkono huo huo kumpapasa polepole, ikiwa paka atakubali. Katika umri huo usiwaache wawili hao peke yao hata kidogo.

Swali: Paka wetu amezaa na watoto wanataka kuwashika vichanga.

Jibu: Wasubiri. Macho ya vichanga hufumbuka baada ya siku 7 hadi 14, na mama akisumbuliwa huweza kuwahamisha. Watazame kwa mbali.

Swali: Paka shume asiye na mwenyewe amemng'ata binti yangu kidoleni jana. Jeraha ni dogo, bibi yake amelipaka majivu. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu, na nakusihi usiendelee kusoma kabla hujajiandaa kutoka. Lioshe jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke hospitali leo hii ukaeleze kwamba ameng'atwa na paka asiyejulikana, ili waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Udogo wa jeraha usikudanganye, kwa sababu dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza karibu hakuna anayepona, ilhali chanjo ikitolewa mapema huuzuia. Umjulishe pia afisa mifugo wa kata. Na binti asigombezwe, asije siku nyingine akaficha jeraha.