Sidii inaruka? Anza na lenzi kabla ya kulaumu leza

Deki ikikataa sidii za taarabu ulizozitunza miaka yote, usikubali haraka kuambiwa "leza imekufa". Kwa hewa ya chumvi ya Tanga na unyevu wa masika, shuku kwanza ukungu kwenye lenzi au grisi iliyoganda kwenye reli, ile njia ambayo kichwa chenye lenzi na leza hutelezea.

Leza, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, hupiga kutoka chini, ikapenya plastiki ya milimita 1.2, ikagonga tabaka linalong'aa lililo chini tu ya lebo, kisha ikarudi kwenye kihisi. Usomaji huanzia katikati kwenda nje. Sidii huzunguka kama mara 500 kwa dakika ikiwa katikati, ikapungua hadi kama 200 ikifika ukingoni. Shika hilo la katikati kwenda nje, maana ndilo linalofichua ugonjwa.

Sidii moja ikiruka pale pale kila mara, na nyingine zikipiga vizuri, deki haina kosa. Ioshe kwa maji na tone la sabuni, uifute kwa kitambaa laini ukivuta kutoka katikati kwenda pembeni. Usifute kwa kuzungusha: mkwaruzo unaofuata njia ya data hufunika sehemu ndefu mfululizo, na deki haiwezi kuijazia. Mkwaruzo mwepesi wa upande wa chini husuguliwa kwa dawa ya meno. Ule wa upande wa lebo ni hatari zaidi. Inua sidii kwenye mwanga. Ukiona vitundu, data imeshabanduka.

Nyimbo za mwanzo zikipiga na za mwisho zikikwama, tazama reli. Chomoa umeme, fungua kifuniko, futa grisi ya zamani, pakaza nyeupe mpya kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye meno ya plastiki. Mafuta ya kupikia yataganda tena.

Deki ikikataa sidii zote, safisha lenzi. Lowesha kidogo kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha taratibu bila kukandamiza (lenzi inaning'inia kwenye nyaya nyembamba mno), kisha acha ikauke. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha huiharibu plastiki, na spiriti yenye rangi huacha utando. Deki iliyotolewa kwenye chumba cha kiyoyozi ngojea saa moja kabla ya kuiwasha, maana unyevu hutanda kwenye lenzi.

Bado inakataa? Iwashe ikiwa wazi, bila sidii, mikono ikiwa mbali na trafo. Lenzi inapaswa kupanda na kushuka mara mbili tatu ikitafuta. Usiitazame kwa juu. Ielekezee kamera ya simu kutoka pembeni, na mara nyingi utaona nukta ya mwanga. Lenzi isipotikisika kabisa, kagua utepe wa nyaya na swichi ndogo iliyo mwisho wa reli upande wa katikati. Sidii za dukani zikipiga na za kuchoma zikigoma, leza huenda imechoka, kwani za kuchoma hurudisha mwanga hafifu kuliko za dukani. Ila hakikisha kwanza hazina MP3. Deki za zamani haziijui.

Kile kiskrubu kidogo cha nguvu ya leza kiache. Ukikizungusha, deki huenda ikapiga kwa muda, kisha leza ikaungua. Badilisha kichwa kizima kwa namba iliyoandikwa juu yake, mfano KSS-213. Kipya mara nyingi huja na tone la risasi ya kulehemu lililounganisha vituo viwili kukinga umeme tuli: chomeka utepe kwanza, ndipo uliondoe.

Trei isiyofunguka mara nyingi ni belti iliyolegea. Ya zamani ipeleke kwa mafundi redio wa Ngamiani, Tanga, wakulinganishie. Mpya isizidi ukubwa ule, maana ya zamani imeshatanuka. Kuichovya kwenye maji ya moto huikaza kwa muda tu.