Donda ndugu la mguu: kulitambua na kulichunguza

Mzee alivua kiatu kimoja tu. "Naomba na cha pili, mzee," nikamwambia. "Huo hauumi, mwanangu." Soksi ilikuwa imegandia kidole gumba, nikailowesha kwa maji ya dripu mpaka ikaachia. Kidole kilikuwa cheusi kama mkaa: donda ndugu, yaani nyama iliyokufa. Kisukari kilikuwa kimeshaua mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu hayakuja kumwonya.

Hatua ya 1. Vua viatu vyote, soksi na bandeji. Chungulia katikati ya vidole na kisigino.

Hatua ya 2. Jua ni donda gani. Lililo kavu ni jeusi, limesinyaa, na mpaka wake na nyama hai unaonekana. Lililo bichi limevimba, lina malengelenge, usaha na harufu kali. Hilo halilali hadi kesho. La gesi huuma kupita jeraha linavyoonekana, na ukibonyeza, ngozi inatatarika chini ya vidole vyako. Hapo mpigie daktari wa upasuaji ungali kitandani kwa mgonjwa.

Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, utachelewa. Linganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja. Kisha chora kwa kalamu pale uvimbe unapoishia, andika saa, urudi kuangalia baada ya saa moja. Mimi mstari huo nauamini sana.

Hatua ya 3. Je, damu inafika? Papasa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Presha ya kifundo igawanye kwa ya mkono: chini ya 0.9 mishipa imeziba, chini ya 0.4 ni hatari kubwa. Ikizidi 1.3 kwa mwenye kisukari, usifurahi. Mishipa imekakamaa na namba inadanganya. Mpime kwa Dopla, kifaa cha kusikiliza damu inavyopita.

Hatua ya 4. Pima sukari, wingi wa damu na kreatinini (kipimo cha figo). Akiwa na homa, chukua na damu ya kuotesha vijidudu maabara. Usipanguse usaha wa juu kwa pamba: safisha kidonda, kisha uchukue kipande cha nyama ya ndani. Kwenye eksirei tafuta gesi na mfupa ulioliwa, ila wiki 2 za mwanzo mfupa mgonjwa huweza kuonekana mzima.

Akichanganyikiwa, au akipumua mara 22 na zaidi kwa dakika, au namba ya juu ya presha ikishuka hadi 100 au chini, usingoje maabara. Weka dripu, anza antibiotiki, mpe rufaa, na kwenye barua andika saa uliyochora ule mstari.