Dawa ya Kipandauso: Mambo ya Kupanga Kichwa Kikiwa Kizima

Kipandauso kikishakukamata, husomi tena ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Herufi zake ni ndogo, mwanga unachoma macho, na hata kukumbuka umemeza kidonge saa ngapi ni kazi. Shambulio lisilotibiwa linaweza kudumu saa 4 hadi 72. Ndani ya saa hizo hakuna cha kufikiria upya. Unafuata tu ulichokwisha kuamua. Basi amua leo, siku ambayo kichwa hakiumi.

Dawa ninazozungumzia ni triptani, ambazo daktari huandika pale parasetamoli, ibuprofeni au aspirini zinaposhindwa. Sumatriptani ndiyo iliyotangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zikafuata rizatriptani, zolmitriptani, naratriptani na nyinginezo. Hushika vipokezi vya serotonini, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari, kichwani, zikabana mishipa ya damu iliyotanuka na kuzuia neva zisimwage kemikali zinazochochea maumivu. Hazizuii shambulio la kesho, na si dawa ya kumgawia kila anayesema kichwa kinamgonga.

Hilo neno kubana ndilo la kuanza nalo mbele ya daktari, kwa sababu mishipa inayobanwa si ya kichwani peke yake. Aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, mwenye mishipa ya miguu iliyoziba au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa hapewi triptani. Hata kama hujawahi kuugua moyo, mtajie daktari sigara, kisukari, lehemu (kolesteroli) iliyopanda na ndugu walioanguka na moyo wakiwa bado vijana. Ni vyema upimwe shinikizo kabla ya kidonge cha kwanza. Na kama kipandauso chako hulegeza upande mmoja wa mwili, hiyo ni aina nyingine, na triptani haziitibu.

Beba dawa zako zote ukaziweke mezani kwa mfamasia, pamoja na zile unazoziona hazihusiani. Triptani haichanganywi na dawa za ergotamini, ambazo ni dawa za zamani za kipandauso, wala na triptani nyingine ndani ya saa 24. Kuna dawa za zamani za sonona, zile zinazozuia MAO, yaani kimeng'enya kinachovunja serotonini mwilini, ambazo baada ya kuziacha hupita wiki 2 kabla ya kugusa triptani nyingi. Dawa nyingi za sonona za siku hizi huongeza serotonini. Wengi huzitumia pamoja na triptani bila shida, lakini daktari ajue, nawe ujue kwamba kutetemeka, homa, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ni dalili za kukimbilia hospitali. Propranololi nayo ina jambo lake: wengi huandikiwa ili kuzuia kipandauso, na hiyohiyo hupandisha kiwango cha rizatriptani kwenye damu, hivyo dozi ya rizatriptani hupunguzwa. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango waulize mapema pia. Vidonge vyenye estrojeni kwa mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya maumivu huongeza hatari ya kiharusi.

Sasa wakati wa kumeza, na hapa ndipo wengi tunapopoteza dawa nzuri. Tunaionea huruma. Tunasema ngoja kwanza, labda kitapita, hadi kichwa kinapasuka na tumbo limekwisha kusimama. Kusimama kweli: wakati wa shambulio tumbo hupunguza mwendo, kidonge kikakaa humo bila kufika kwenye damu. Meza maumivu yakiwa bado madogo. Lakini kama shambulio lako huanza kwa kuona mistari ya kumetameta au kuhisi ganzi mdomoni, subiri hadi maumivu yenyewe yaanze. Dawa ikimezwa mapema mno hukosa kazi. Na kama wewe ni mtu wa kutapika haraka, usikubali kuondoka na vidonge tu. Uliza kuhusu ya kupuliza puani au sindano ya chini ya ngozi, au dawa ya kichefuchefu ya kwenda nayo sambamba. Kidonge kinachoyeyuka ulimini husaidia asiye na maji, ila bado hupitia tumboni.

Kanuni ya kidonge cha pili iandike juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito. Kwa sumatriptani iko hivi: kama cha kwanza kilisaidia na maumivu yakarudi, unaweza kumeza kingine baada ya saa 2 au zaidi. Naratriptani ni saa 4. Kama cha kwanza hakikusaidia hata kidogo, ushauri wa kawaida ni kutorudia kwa shambulio hilohilo. Tumia dawa ya maumivu ya kundi jingine ambayo daktari amekuruhusu. Kikomo cha dozi kwa saa 24 mwambie mfamasia akuandikie kwa tarakimu. Wala usiihukumu dawa kwa siku moja: ijaribu kwa mashambulio mawili matatu, na ikishindwa, triptani nyingine inaweza kukufaa.

Mara ya kwanza, inywe ukiwa nyumbani na mtu karibu, siku usiyoendesha gari, kwani wengine hushikwa na usingizi. Joto usoni, vidole kuwasha kama sindano, shingo au kifua kubana kwa muda mfupi hutokea. Kifua kikibana sana au kisipoachia, usimeze kingine, nenda hospitali.

Kuwe na kalenda, hata ya ukutani. Kila siku uliyotumia triptani, tia alama. Zinazohesabiwa ni siku, si vidonge: siku 10 au zaidi kwa mwezi, zikiendelea zaidi ya miezi 3, na dawa yenyewe inaweza kugeuka chanzo cha kuumwa kichwa. Ukiona alama zinakaribia hapo, mwone daktari mkazungumze dawa ya kuzuia.

Mwisho, gawa dawa mahali pawili, nyumbani na kwenye mkoba, angalia tarehe ya kuisha, kisha andika karatasi kwa ajili ya mtu unayeishi naye. Mistari minne inatosha: jina la dawa, saa ya kidonge cha kwanza, saa ambayo cha pili kinaruhusiwa, na huu wa nne kwa herufi kubwa: maumivu yakilipuka ghafla kuliko yote niliyowahi kuyapata, au nikiwa na homa na shingo ngumu, au mdomo ukipinda, maneno yakivurugika, mkono ukilegea, msinipe kidonge, nipelekeni hospitali.