Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Noisiel, mji wa chokoleti

Ukipanga kutembelea Noisiel, mashariki mwa Paris, fahamu kwanza kwamba kiwanda cha zamani cha chokoleti cha Menier hakifunguliwi kila siku. Kilikuja kuwa cha Nestlé mwaka 1988, kikawa makao yake makuu nchini Ufaransa, na sasa kampuni hiyo imeshahama. Nafasi nzuri ya kuingia ni Siku za Urithi za Ulaya, Jumamosi na Jumapili ya tatu ya Septemba, lakini hata hapo ulizia mapema kwenye ofisi ya mji.

Usafiri ni RER A, treni ya kutoka Paris kwenda vitongoji, ya kuelekea Marne-la-Vallée–Chessy au Torcy. Soma ubao kituoni kabla ya kupanda. Baada ya kituo cha Vincennes reli inagawanyika, na ukijikuta kwenye treni ya Boissy-Saint-Léger itakubidi urudi. Tiketi au kadi usiitupe, unaihitaji tena wakati wa kutoka. Toka kituoni hadi mtaa wa kihistoria ni mwendo kidogo, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea.

Kubwa kuliko yote ni kwenda ukiwa unaijua historia, la sivyo utaona matofali tu. Jean Antoine Brutus Menier, mtengenezaji wa dawa, alichukua kinu cha maji cha Noisiel mwaka 1825. Chokoleti wakati huo ilisaidia kuficha uchungu wa dawa. Mwanawe, Émile-Justin, ndiye aliyeigeuza kuwa biashara kamili: akanunua mashamba ya kakao Nicaragua, sukari akaitengeneza mwenyewe.

Kinu kilichojengwa upya na msanifu majengo Jules Saulnier, kikakamilika mwaka 1872, kitazame bila haraka. Kimekaa juu ya nguzo za mawe ndani ya mto Marne, kwani nguvu ya maji ndiyo iliyoendesha mitambo. Uzito unabebwa na fremu ya chuma, wala si kuta, na chuma hicho hakikufichwa: kinakatizana mshazari mbele ya macho yako, na katikati yake matofali ya rangi yamepangwa yakatoa maua ya mkakao na herufi M. Wahandisi hukitaja miongoni mwa majengo ya kwanza duniani ya namna hiyo. Kwangu mimi, hicho peke yake kinatosha nauli.

Kisha pita mtaa wa wafanyakazi, ulioanza kujengwa mwaka 1874. Nyumba zimepishana ili kila moja ipate hewa na mwanga, na kila familia ilipewa bustani. Palikuwa na shule, maduka na sehemu ya kulia chakula. Nyumba, hata hivyo, zilibaki mali ya Menier. Émile-Justin alikuwa pia meya tangu 1871 hadi alipofariki mwaka 1881, na ukoo wake ukaendelea kuushika umeya kwa miongo mingi. Mwajiri, mwenye nyumba na meya walikuwa mtu mmoja. Uzuri wa mtaa ule ni wa kweli, na utegemezi wa waliokaa humo nao ni wa kweli. Usiache kimoja kikufiche kingine.

Nyumba hizo zina watu mpaka leo. Piga picha ukiwa barabarani, usichungulie madirishani wala kuingia bustanini, na ukikutana na wenyeji anza na “bonjour” kabla ya kuuliza lolote.