Kumzoesha mtoto mazoezi ya fidla nyumbani

Mwalimu hukaa na mtoto nusu saa au saa moja kwa wiki. Siku sita zinazobaki mtoto yuko nyumbani, na huko ndiko anakoendelea au anakokwama. Mzazi anaweza kumsaidia bila kujua nota hata moja, mradi ampangie wakati, mahali na kazi ndogo inayoeleweka. "Nenda kafanye mazoezi" si kazi. Mtoto wa miaka minane akiambiwa hivyo atapiga wimbo anaoupenda mara mbili, kisha ataifunga fidla akacheze. Hana kosa, kwani hakuambiwa afanye nini.

Kwanza hakikisha fidla inamtosha. Aiweke begani, anyooshe mkono wa kushoto, na vidole vyake vizunguke kichwa cha fidla huku kiwiko kikiwa kimelegea kidogo. Saizi ya nusu huwafaa wengi wa miaka 7 hadi 8, na robo tatu wale wa 9 hadi 11, ila mkono ndio unaoamua. Usinunue kubwa ili aikulie, kama tunavyofanya kwa sare za shule. Fidla kubwa humvuta bega na kumkaza kidole gumba, na mtoto anayeumwa huyakwepa mazoezi bila kuweza kueleza sababu.

Wakati wa mazoezi uufunge kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: akitoka madrasa na kunywa chai, kwa mfano. Miaka 6 hadi 8, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Miaka 9 hadi 12, dakika 20 hadi 30. Robo saa kwa siku tano inafaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu vidole hushika kile kinachorudiwa kesho yake, na kilichoachwa wiki nzima huanzwa upya. Siku ya safari au ya arusi, dakika tano: apige nyuzi nne taratibu, basi. Lengo la siku hiyo ni mnyororo usikatike.

Fidla ikae mahali anapoiona na kuifikia, mbali na dirisha lenye jua. Kutyuni, yaani kuweka nyuzi kwenye sauti zake sahihi, ni kazi yako mpaka mtoto atimize miaka kumi hivi. Tumia programu ya simu iliyowekwa A ya 440 (nota ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde), na uzungushe skrubu ndogo zilizo kwenye kipande kinachoshika ncha za chini za nyuzi, nyuma ya daraja, kile kibao chembamba kinachoinua nyuzi. Usiguse vigingi vya juu ila sauti ikiwa imeshuka sana, kwani nusu mzunguko tu hukata uzi wa E. Masika vigingi huvimba na kugoma; kwenye chumba chenye kiyoyozi hukauka na kuteleza. Upinde ukazwe hadi penseli ipite kati ya nywele na mti. Rosini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye nywele za upinde, mipako minne au mitano. Ikizidi, utaona unga mweupe juu ya nyuzi na sauti itakwaruza.

Sasa mazoezi yenyewe. Dakika tatu za kwanza ni upinde mrefu kwenye uzi mmoja mmoja, akitazama kama upinde unakwenda sambamba na daraja. Dakika mbili au tatu za mwisho apige anachokipenda, bila kusahihishwa. Katikati ndipo penye kazi.

Kosa la watoto karibu wote ni kupiga wimbo kuanzia mwanzo, kukosea mahali palepale, na kurudi mwanzo tena. Baada ya wiki mwanzo unang'aa, na pale pabaya pamezidi kuwa pabaya, maana kosa nalo limefanyiwa mazoezi. Dawa ni kukata. Mwombe mwalimu azungushie penseli nota sita hadi nane zinazomsumbua. Mtoto aziimbe kwanza, kwa "la la" tu, kwa sababu kidole hakitapata sauti ambayo sikio halijaijua. Kisha azipige kwa metronomu, kifaa kinachogonga mapigo, ya mapigo 60 kwa dakika. Weka komwe tano za bao upande wa kushoto wa meza. Akipiga sawasawa, ahamishe komwe moja kulia. Akikosea, moja irudi. Wapo wanaorudisha zote tano, lakini kwa mtoto mdogo hiyo ni adhabu, na atalia akiwa na komwe nne. Akikosea mara tatu mfululizo, basi kasi ni kubwa: shusha hadi 50, au punguza nota zibaki nne. Komwe zote zikivuka, aongeze nota mbili za kabla na mbili za baada, ili kipande kishikamane na wimbo.

Anayejifunza taarabu ana jambo moja la kuangalia. Katika makamu (mpangilio wa nota wa muziki wa Kiarabu) ya Rasti, nota ya tatu hukaa kati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti, na makamu ya Bayati nayo ina sauti za namna hiyo. Programu ya simu itaonyesha kwamba amekosea, naye ataanza kukisogeza kidole mahali pasipo. Kwa hiyo programu itumike kutyuni nyuzi tu. Kwa makamu, mrekodi mwalimu akipiga polepole, mtoto asikilize na kufuatisha.

Ukiwa naye chumbani, kaa umtazame. "Safi" haimfundishi kitu. Mwambie ulichokisikia: "Mara hii hukusimama kwenye ile nota ndefu." Usimlinganishe na dada yake, na mazoezi yasiwe adhabu ya kuvunja sahani.

Mwishoni afute nyuzi na mbao kwa kipande cha khanga kuukuu kilicho kikavu, bila spiriti wala maji, na alegeze upinde, maana ukiachwa umekazwa mti wake hupinda. Halafu aandike daftarini mstari mmoja kwa mkono wake: kipande gani, mapigo mangapi, komwe ngapi zilivuka. Daftari hilo ndilo mwalimu atakalolifungua kwanza wiki ijayo.