Somo: Kuiamsha Land Rover 109 ya petroli iliyokaa juu ya mawe miaka mingi

Ukipata Land Rover ya marehemu mzee iliyoachwa shambani, najua kinachofuata. Betri inaazimwa, petroli inamwagwa kwenye kabureta, stata inapigwa. Ikigoma, linaletwa trekta na kamba: gia namba mbili, klachi inaachiwa, na watoto wanashangilia. Injini iliyovumilia miaka kumi na mitano bila kufa inafia hapo. Ringi zilizoshikwa na kutu zinakatika, vali iliyoganda inapinda pushirodi, na beringi zinasagana kavu kwa sababu oili yote ilishashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, zamani.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na sitaki mtu aupindue: injini izunguke kwa mkono kwanza, kisha ipate oili, kisha stata, na moto uje mwisho kabisa. Kamba ibaki stoo.

Naongelea 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya Series III, zile za 1971 hadi 1985, petroli, silinda nne, cc 2286. Ya 88 ina injini hiyohiyo, kwa hiyo wenzetu wa gari fupi mko ndani. Hii ni injini ya kuanzia kujifunzia. Kemshafti inaendeshwa kwa cheni, si mkanda wa kuoza ukiwa umekaa. Haina kompyuta. Na mbele ya bampa kuna tundu la hendeli, ambalo kwa kazi yetu lina thamani kuliko betri mpya.

1. Kabla ya spana

Fungua boneti ukiwa umesimama mbali kidogo. Nyuki, nyoka na panya ndio wapangaji wa kawaida. Toa viota vyote, na fungua eyaklina, kichujio cha hewa, uangalie ndani. Ya 109 ni ya kuogea oili, na mara nyingi utakuta oili imegeuka tope na dondola wamejenga kwenye bomba linaloingia kwenye kabureta. Usipoliona hilo, udongo wote unaingia kwenye silinda siku ya kuwasha. Fuatilia pia nyaya, maana panya hupenda zile zilizojificha nyuma ya dashibodi.

Bodi isikudanganye. Ni ya aluminiamu, inaweza kung'aa huku chasisi chini imeliwa. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi yote, hasa nyuma kabisa na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na kutoa vumbi jekundu. Kama nyundo inazama, fikiria gharama ya kuchomelea kabla hujanunua hata plagi moja.

Weka mawe mbele na nyuma ya matairi. Breki ya mkono ya Land Rover haikamati magurudumu; inakamata propela shafti nyuma ya transfa, yaani gia boksi ya pili yenye high na low. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki huku unaitegemea hiyo breki, gari linaweza kutembea na kukuangukia.

2. Silinda

Hapa ndipo pa kutumia subira yote uliyonayo.

Puliza upepo kuzunguka plagi kabla ya kuzifungua ili mchanga usidondoke ndani. Zifungue zote nne na uzipange kwa mfuatano. Namba moja ni ya mbele, upande wa rejeta. Tazama kila plagi. Yenye kutu nyekundu inakuambia silinda ile ilipata unyevu, na ndiyo itakayokusumbua.

Mimina kwenye kila tundu vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko wa ATF (mafuta ya gia boksi ya otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu. Ukikosa asetoni, mafuta ya taa na oili ya injini yanafanya kazi, ila polepole zaidi. Ziba matundu kwa kitambaa safi, ondoka. Rudi kesho, ongeza. Kama gari limekaa zaidi ya miaka kumi, mimi huacha wiki nzima hata kama nahisi injini iko huru.

Wakati unasubiri, fungua kava la roka. Kwa bisibisi kubwa au kipande cha mbao, bonyeza kila roka (mkono mdogo unaosukuma vali) upande wa vali uone kama vali inashuka na kurudi yenyewe. Isiyorudi imeganda kwenye gaidi yake, kibomba inamopita. Ipe oili ya kupenyeza, igonge taratibu kwa mbao, subiri, rudia.

Sasa hendeli. Gia huru, plagi zikiwa nje, swichi imezimwa. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ikirudisha teke, kidole hicho ndicho kinachovunjika. Vuta kutoka chini kwenda juu, usisukume kutoka juu kwenda chini. Ikizunguka, endelea taratibu mizunguko kadhaa, na mtu mwingine aangalie roka zote nane zinacheza.

Isipozunguka, usiongeze bomba kwenye mpini kutafuta nguvu. Hendeli inasukuma upande mmoja tu, na injini iliyoshika inataka kuyumbishwa pande zote mbili. Hakikisha matairi yanazunguka, toa mawe, tia gia namba nne, watu wawili walisukume gari mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa mikono na si kwa trekta. Likipata hata upana wa kidole wa kucheza, umeshinda. Rudishia mawe, ongeza mchanganyiko, rudi kesho. Likikataa kabisa baada ya wiki mbili au tatu za kuloweka, fungua silinda hedi. Gasketi ni rahisi kuliko pistoni.

3. Oili

Mwaga ya zamani kabla hujapiga stata. Fungua nati ya sampu polepole, kwa sababu maji hukaa chini ya oili na yatatangulia kutoka. Maji mengi, au oili yenye rangi ya maziwa, maana yake gasketi au bloku inahitaji kuchunguzwa kabla ya kuendelea. Badilisha filta, weka 20W-50. Sampu inachukua lita 6, na filta karibu lita moja juu yake. Usinunue oili ya bei ghali. Hii utaimwaga tena muda si mrefu.

Kisha, plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, funga betri na upige stata kwa vipindi vifupi. Unasubiri taa ya oili izimike, au geji ipande kama unayo. Mchanganyiko uliobaki kwenye silinda utaruka nje kwa nguvu, kwa hiyo usiinamie matundu.

Betri: Series III hufungwa hasi kwenye bodi. Ila Series II na IIA za mwanzo, zenye dainamo badala ya alteneta, zilikuwa chanya kwenye bodi. Angalia mwenyewe, usiamini alichokwambia jirani.

4. Moto

Pointi za ndani ya distributa zikikaa hupata ukungu mweupe usiopitisha umeme. Zisugue kwa msasa laini sana, zipanguse, zipangwe kwa fila geji kati ya 0.35 na 0.40 mm. Plagi 0.75 mm. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Laza plagi moja juu ya chuma cha injini, mbali na matundu yenye mafuta, zungusha, utazame cheche. Ikikosekana, badilisha kondensa kwanza. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachoharibika zaidi.

5. Petroli

Petroli ya zamani inanuka kama rangi ya mafuta. Usiichanganye na mpya, na usitumie tangi kabisa siku ya kwanza. Kwenye pikapu tangi liko chini ya kiti cha mbele, kwenye stesheni wageni liko nyuma. Lote mwage, uliangalie kwa tochi. Kwa kuanzia, chukua dumu dogo lenye petroli safi, mpira mpya na filta ya kioo, liunganishe moja kwa moja kwenye pampu. Dumu likae mbali na ekzosi na mbali na betri.

Kabureta ya Zenith lazima ifunguliwe. Utakuta gundi ya kahawia chini ya bakuli na jeti zimeziba. Safisha kwa kilina ya kabureta na upepo, usichokonoe jeti kwa waya. Ikibidi kubadilisha gasketi, badilisha pia ule mpira wa duara wa ndani. Mpira huo ukichoka, injini inamisi kwenye mwendo mdogo na watu hulaumu taimingi.

6. Kuwasha

Jaza maji. Angalia mipira ya rejeta na ubavuni mwa bloku, pale penye vile vifuniko vya bati, kwa sababu kutu huwa inavitoboa. Mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga iwe karibu. Mpe mtu mmoja kazi ya kusimama kwenye swichi tu.

Rudisha plagi, vuta choki, piga stata. Ikiwaka itatoa moshi mwingi wa kutisha. Huo ni mchanganyiko uliomwaga, utaisha. Macho yako yawe kwenye taa ya oili. Isipozimika ndani ya sekunde chache, zima. Usikanyage mafuta. Iache juu kidogo ya sailensa (mzunguko wa chini wa injini ikiwa imetulia), isikilize, tembea kuizunguka ukitafuta uvujaji. Ikipata joto, izime, iache ipoe, kaza unachopaswa kukaza, mwaga ile oili na weka nyingine. Pima nafasi ya vali: 0.25 mm, zote. Njia rahisi ni kanuni ya tisa: vali namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima namba 1, ya 7 ikifunguka, pima ya 2, na kuendelea.

7. Usiende popote bado

Injini kuwaka si ruhusa ya kutoka getini. Fungua dramu zote nne. Silinda ndogo za kwenye magurudumu karibu kila mara zimeshikwa na kutu, na mipira yake imekufa hata kama pedali inaonekana ngumu. Weka mipya, badilisha mipira inayopeleka mafuta ya breki, mwaga mafuta ya zamani yote, toa upepo. Matairi yana tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Yenye nyufa ubavuni, hata kama kashata zote zimo, ni ya kusogezea gari uani tu.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Yangu inazunguka kama robo hivi halafu inagonga kitu kigumu, tii! Hailainiki hata nikiiloweka.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kutu huwa inakwama kwa ulaini. Kinachogonga ni kitu. Anza na stata: meno yake huweza kung'ang'ania kwenye ringi ya flaiwili. Legeza bolti za stata, ichomoe, jaribu tena hendeli. Ikiendelea, mulika ndani ya kila tundu la plagi. Panya huweka mahindi humo kama kuna plagi iliyokuwa wazi, na mafundi huangusha nati.

Swali: Sisi huku Longido 109 tunazivuta kila siku na zinawaka. Unatutisha bure.

Jibu: Kaka, hizo za kwenu zinabeba watu na mbuzi siku za mnada. Injini iliyofanya kazi juzi ina oili kwenye beringi na ringi zake ziko huru; ivute tu kama betri imekufa. Ninayoizungumzia mimi ina mti uliootea kwenye bampa.

Swali: Mzee aliiacha kabla petroli haijaondolewa risasi. Je, hii ya sasa haitaua vali?

Jibu: Risasi iliondolewa nchi zetu mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo 109 nyingi zimeshatembea miaka mingi bila hiyo. Kwa safari fupi usihangaike. Pima nafasi za vali za ekzosi mara kwa mara. Ikiwa vali moja inapoteza nafasi kila ukipima, siti yake inaliwa. Siku hiyo peleka hedi ikawekwe siti ngumu.

Swali: Injini inawaka vizuri, ila nikikanyaga klachi gia haziingii, zinalia tu. Ninunue diski?

Jibu: Dada, usinunue bado. Kwanza hakikisha mafuta ya klachi yapo na fimbo inasukumwa, kwa sababu silinda za klachi nazo hufa. Kama inasukumwa, diski imeganda kwenye flaiwili. Pasha injini joto, izime, kandamiza pedali kwa mbao hadi sakafuni, iache usiku kucha. Mara nyingi asubuhi unasikia *tak* ukijaribu gia. Ikigoma, breki zikiwa zimeshatengenezwa na uwanja ukiwa mtupu, iwashe ikiwa kwenye gia ya kwanza ya low, kanyaga klachi, cheza na mafuta kidogo kidogo hadi iachie.

Swali: Na ya dizeli?

Jibu: Kuloweka na kuzungusha ni vilevile, ila unapitia kwenye matundu ya nozeli. Hendeli itakuwa nzito sana nozeli zikirudi, usijilaumu. Hatari yake ni pampu iliyoganda ikiwa wazi: injini inapanda mzunguko na haizimiki kwa swichi. Kabla ya kuwasha, hakikisha waya wa kuzimia unavutika hadi mwisho, na uwe na ubao wa kuziba njia ya hewa mkononi.

Swali: Imewaka jana. Moshi mweupe hauishi, na rejeta inatoa mapovu ikiwa wazi.

Jibu: Zima, usiiwashe tena. Mapovu yanayoendelea bila kukoma ni moto wa silinda unaoingia kwenye maji: gasketi ya hedi, au hedi yenyewe imepinda. Ukiifungua, ipeleke ikapimwe kwa rula ya chuma kabla ya kununua gasketi, na utuwekee picha ya silinda namba mbili na tatu. Kati yao ndipo pa kuangalia kwanza.